Naomba ushauri: kosa la kontrola nikitoa maandishi kwenye kidirisha kwenda kwenye skrini (Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu)

Wakuu, habari za kazi. Natengeneza programu ya simu kwa ajili ya kikoba cha mama yangu. Kwenye skrini ya wanachama kuna kitufe cha "Ongeza". Ukikibonyeza kinafunguka kidirisha cha kuandikia jina, na ukibonyeza "Hifadhi" jina linatakiwa lionekane kwenye orodha.

Mwanzo nilikuwa nafunga kidirisha kwa Navigator.pop(context) tupu, bila kurudisha kitu, jina likawa linapotea. Nikabadilisha kuwa Navigator.pop(context, kontrola.text) (kontrola ni TextEditingController, inayoshika maandishi yanayoandikwa), na upande wa skrini nikaweka await (kusubiri jibu) mbele ya showDialog inayofungua kidirisha, kisha setState ili skrini ijichore upya. Jina likaanza kuonekana, nilifurahi kweli. Mtu akigusa nje ya kidirisha inarudi null (yaani hakuna kitu). Hilo nimeshalidhibiti kwa if.

Kinachonisumbua sasa: kontrola naiunda ndani ya fankisheni ya kitufe, na naita dispose yake (ya kuitupa ili iachie kumbukumbu) mara tu baada ya await. Kidirisha kikiwa bado kinafifia, linatokea kosa kwamba kontrola imetumika baada ya kutupwa. Nikiondoa dispose kosa linaisha, ila sitaki kuacha uchafu kwenye kumbukumbu, maana simu za akina mama wale ni za uwezo mdogo.

Je, kidirisha nikifanye StatefulWidget (kijenzi chenye hali yake) inayojitegemea, dispose ikae humo? Au kontrola ikae kwenye skrini, niwe naisafisha kila mara? Mwenye uzoefu naomba anielekeze, hata kwa mistari michache ya msimbo. Daftari lao limeshajaa na mkutano ni Jumamosi.