Naombeni ushauri: uso wa meza kwa vipande vya gogo

Mpenda Mbao: Habari zenu wakuu. Nimekata gogo bichi kwa msumeno kupata vipande vya mviringo, unene wa kama sentimita 4, vikubwa kwa vidogo. Nataka kuvipanga juu ya plaiwudi, nijaze mapengo kwa epoksi (ile gundi ya maji ya kuchanganya sehemu mbili, ikikauka inakuwa ngumu), nipate meza ya sebuleni. Tatizo ni kwamba vingine vimeanza kupasuka. Nikimwaga epoksi mapema, si itavishika visipasuke zaidi? Na kusawazisha napitisha kwenye mashine ya randa?

Patasi Kali: Mkuu, epoksi weka kando kwanza. Mbao mbichi haishikiki. Mti ukikauka husinyaa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome, kwa hiyo mzunguko unakuwa mfupi kuliko nafasi yake na lazima pachanike mahali. Angalia nyufa zako: pana kwenye gome, nyembamba kadiri zinavyokaribia kiini. Ukimwaga sasa, kipande kitaendelea kusinyaa na kubanduka kwenye epoksi, au kitapasuka pembeni yake.

Vipange kivulini juu ya vijiti, hewa ipite juu na chini, mbali na jua na feni. Paka gundi nyeupe ya mbao nyuso zote mbili ili maji yatoke polepole. Halafu mizani ya jikoni: andika uzito kwa penseli mgongoni mwa kila kipande, pima kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki kadhaa mfululizo, kimekauka. Mwenye kipima unyevu atafute asilimia 8 hadi 12 kwa meza ya ndani.

Mpenda Mbao: Asante sana. Na hivi vilivyokwisha kupasuka nivitupe?

Patasi Kali: Hapana! Ufa ukishatulia unajazwa epoksi, au unachongewa kabari ya mbao nyeusi, na mara nyingi hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote. Ukikata tena, kata kwa mshazari. Vipande vya umbo la yai huvumilia kukauka kuliko vya duara kamili.

Fundi Msasa: Kuhusu randa, nakusihi usijaribu. Hapo kisu kinakutana na ncha za nyuzi, kinanyofoa kingo, na kipande kidogo kinaweza kurushwa. Gundisha kwanza kwenye plaiwudi ya milimita 18, kisha tengeneza reli mbili na kigari cha ruta (mashine ya mkono ya kuchonga mbao) kinachoteleza juu yake. Ondoa milimita 1 au 2 kila mpito. Baada ya hapo msasa namba 80, 120, 180, 220, bila kuruka hata mmoja, maana mkwaruzo wa 80 ukibaki utauona ukishapaka vanishi. Vaa barakoa, vumbi lake ni jingi.

Gome Tupu: Mimi naongezea gome. Livue lote kabla ya kupanga. Linapendeza, lakini mti ukikauka linaachia, na epoksi iliyoshika gome haijashika mbao.

Fundi Msasa: Sikubaliani sana, gome lililong'ang'ania baada ya kukauka huwa linakaa. Ligonge kwa mpini wa patasi: likilia mvungu, toa.

Mpenda Mbao: Na mapovu kwenye epoksi?

Patasi Kali: Yanatoka kwenye mbao yenyewe. Vinyweleo vilivyokuwa vikipandisha maji mtini vimejaa hewa, na kwenye uso uliokatwa viko wazi kabisa. Paka kwanza epoksi nyembamba kwa brashi, nyuso na kingo, iache ishike, ndipo umwage. Kwenye mapengo usizidishe kina kilichoandikwa kwenye kopo, kwani ikirundikana inachemka yenyewe na kupasuka. Pima uwiano wa sehemu mbili za epoksi kama kopo linavyosema, kwa uzito au kwa ujazo, usikisie. Na mgongo wa plaiwudi nao upake, la sivyo unyevu utaingia upande mmoja na meza itapinda.

Mpenda Mbao: Nimeelewa wakuu. Leo napaka gundi na kuanza kupima uzito.