Mjadala: Mitaa ya kaunti hapa Nakuru ijengwe upya, lakini mpangaji aondoke na karatasi gani mkononi?

Naliweka suala hili mbele ya wenzangu wa Nakuru, na mbele ya yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba za kaunti kwingineko nchini: je, mitaa kama Flamingo, Kivumbini, Kaloleni, Ojuka, Paul Machanga na Abong'lo Weya ibomolewe ijengwe ghorofa, au iachwe ikarabatiwe? Tangu Nakuru ipewe hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 mazungumzo haya yamezidi, kwa sababu ardhi ya mitaa hii ni ya umma na iko karibu na katikati ya jiji, na ardhi ya namna hiyo haikosi wenye kuitolea macho.

Nautaja msimamo wangu mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini. Naunga mkono ujenzi mpya. Napinga nyumba hata moja kuvunjwa kabla kila mpangaji hajapewa mkataba wenye jina lake, unaosema atahamia wapi, atakaa huko kwa muda gani, atarudi katika nyumba ya ukubwa upi na kwa kodi ya shilingi ngapi.

Nyingi ya nyumba hizi zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji na wa reli, ambao serikali ya wakati huo iliwahesabu kama wanaume waliokuja kufanya kazi na kurudi kwao, wala si kama watu wenye familia. Ndiyo maana unakuta chumba kimoja, choo cha pamoja na bomba la pamoja. Leo chumba hicho kimegawanywa kwa pazia, wazazi upande huu na watoto upande ule, na mvulana akibaleghe hutafutiwa pa kulala kwa jirani. Kwa hiyo anayedai mitaa hii ihifadhiwe jinsi ilivyo kwa ajili ya historia, namwomba aende apange foleni ya choo alfajiri pamoja na mama aliyembeba mtoto anayeharisha, kisha arudi tuendelee kuzungumza. Historia yenyewe naiheshimu: Philip Waruinge, aliyeiletea Kenya medali ya shaba ya ndondi katika Olimpiki ya 1968 na ya fedha mwaka 1972, ni zao la ndondi za Nakuru, na mji wenye sifa hiyo hauna sababu ya kujenga ghorofa bila kuacha ukumbi na uwanja wa vijana. Hilo linawezekana kwenye ramani bila kumlazimu mtu aendelee kuishi katika chumba kimoja.

Hofu ya wakazi ina mizizi yake, na nadhani maafisa wengi wanaokuja kukusanya maoni hawaielewi. Wazee husema wamelipa kodi kwa miaka mingi kiasi cha kuwa wameinunua nyumba hiyo, na wanataka wauziwe. Vijana wao wanaitaka ghorofa hata kesho. Mwenye kibanda cha mboga mlangoni anajua kwamba akipelekwa ghorofa ya sita atapata choo cha ndani na kupoteza wateja. Lakini aliye hatarini zaidi ni yule asiyetajwa kabisa, yaani mpangaji wa mpangaji. Jina lililo katika daftari la kaunti ni la mtu aliyekwisha kufariki, au aliyejenga shambani akahama, na anayelala ndani humlipa mtoto wa marehemu kila mwezi, mara nyingi zaidi ya kile kinachofika kaunti. Siku ya kuhesabu watu itakapofika, mwenye jina atajitokeza kudai nafasi yake, na anayelala ndani ataambiwa hajulikani. Tusipolizungumza jambo hili waziwazi sisi wenyewe, familia mbili zitakuja kugombania mlango mmoja, na anayetaka kuichukua ardhi atakuwa amepata mwanya. Pendekezo langu ni kwamba daftari jipya liandikwe nyumba kwa nyumba, likiwataja wote wawili, libandikwe hadharani kwa chifu na kwenye ofisi ya wadi, na mwenye pingamizi apewe nafasi ya kusikizwa kabla mjenzi hajatafutwa.

Tayari tuna nyumba 605 za bei nafuu zilizojengwa Bondeni, na zinaonyesha kwamba ghorofa nzuri zinaweza kusimama katika sehemu hii ya jiji. Swali ni nani anayeingia. Nyumba za mpango huo wa serikali huombwa kupitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuombea nyumba, ambako Mkenya yeyote anaweza kujisajili, na mnunuzi hutakiwa kuweka amana. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imetenga kundi la nyumba za kijamii kwa wenye mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa maoni yangu wakazi wengi wa mitaa hii wako hapo. Fundi wa viatu ambaye leo anapata mia tano na kesho hapati kitu hawezi kubeba malipo ya kila mwezi kwa miaka ishirini au zaidi. Kwa mtu huyo, nyumba ya kupanga kwa kodi nafuu, inayobaki mali ya kaunti, ndiyo msaada wa kweli, nami nashangaa kwamba katika mazungumzo yetu kila kitu kimegeuzwa kuwa kununua.

Tukitazama kwingine, wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009, na nyumba 822 walizojengewa zikakabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyeondoka akiwa darasa la kwanza alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi. Hata hivyo wale walikuwa na mahali pa kungojea palipotambuliwa na serikali. Hapa kwetu sijasikia mahali hapo pakitajwa.

Sheria haiko mbali nasi. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa, na mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell iliyotokana na kubomolewa kwa makazi karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilikubali kwamba hata wasio na hati wanaoishi katika ardhi ya umma wanaweza kuwa na haki ya makazi inayopaswa kulindwa. Ikiwa hao wana haki, basi mpangaji mwenye stakabadhi za kodi za miaka na miaka hawezi kuambiwa kwamba anahurumiwa tu.

Jambo la maji taka nalitaja kwa ufupi, ingawa si dogo: Ziwa Nakuru halina mto wa kutokea, kwa hiyo kila kitakachovuja kutoka kwenye ghorofa hizo kitabaki humo. Mpango wa mabomba na mitambo ya kusafisha utangulie ghorofa.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatachelewesha mradi na kuwafukuza wawekezaji. Mimi naona daftari lenye utata ndilo linaloupeleka mradi mahakamani na kuuweka huko kwa miaka. Sasa nawaomba wenye ujuzi wachangie, hasa waliohamishwa kutoka nyumba za kaunti Kisumu, Eldoret au Nairobi: mlipoondoka mlipewa karatasi gani, iliandikwa kodi ya kurudi kiasi gani, na ni wangapi kati ya majirani zenu wa zamani mnaoishi nao leo katika jengo jipya?