Sungura wangu kapigana kaumia, nimpe amoxilin ngapi?

BintiFuoni (Ijumaa, saa 2:40 usiku)

Assalaam alaykum wenzangu, samahanini kuwachosha usiku huu. Nina sungura wawili wa wanangu hapa Fuoni, tuliuziwa na kijana mmoja akatwambia huyu dume huyu jike na mie nkaamini maana hata kuangalia sijui. Tukawatia tundu moja uani chini ya mfenesi, miezi minne sasa wanakula pamoja wanalala pamoja, yani mweusi anamlamba mweupe masikio mpaka watoto wanacheka. Leo baada ya Alasiri nasikia vishindo uani, nkadhani paka shume kaingia kwa kuku, kutoka nje naona manyoya yanapepea tunduni kama mtu kachana mto wa sufi, wamekamatana wanazunguka huku wanapigana mateke ya tumbo. Nkatia mkono kuwatenganisha, na mie nkang'atwa kidole.

Mweupe kachanika sikio, damu ilikuwa nyingi ila imekata yenyewe. Ubavuni kanyofolewa manyoya ngozi iko nyekundu tu. Sasa kajikunyata pembeni, mchicha nimempa kaunusa kaacha, maji hataki. Jirani kanambia nimpake spiriti na nimfungulie kapsuli ya amoxilin kwenye maji, ninazo zilizobaki za mtoto. Uzito wake kama kilo 2 hivi. Nimpe ngapi? Baba yao yuko Pemba kikazi na watoto wanalia hawataki kulala.

MzeeMatundu_Wete (saa 2:52 usiku)

Waalaykum salaam. Mwanangu hizo amoxilin zirudishe kabatini SASA HIVI, usimpe hata nusu. Nakwambia kitu nimekiona kwa macho yangu sijasimuliwa. Mwaka juzi nilikuwa na koo langu zuri limezaa mara tatu, akapata kidonda mguuni, nkaenda duka la dawa nkasema nna kidonda cha mnyama, nkapewa hizo hizo za rangi mbili, nkamfungulia kwenye maji siku mbili. Siku ya tatu anaharisha maji matupu, ya nne asubuhi nimemkuta kanyooka. Kidonda chenyewe kilikuwa kishaanza kukauka, yani mguu ulipona mwenyewe akafa.

Na spiriti acha, inaunguza nyama na ngozi yake ile nyepesi kama kijikaratasi.

Halafu kidole chako kioshe kwa sabuni na maji mengi, meno ya sungura yanazama.

Kijana_wa_Bububu (saa 3:01 usiku)

Mie ushauri wangu mchele kilo moja, bizari, mtie sufuriani kabla hajakonda 😂

shoga_wa_Kiembesamaki (saa 3:04 usiku)

@Kijana_wa_Bububu mwenzio watoto wanalia wewe unaleta pilau. Haya kalale.

Dada BintiFuoni mweusi umemtoa? Usije ukawaacha humo humo ukadhani wameshapatana, watamalizana usiku. Hata kikapu cha nguo kifunike juu kitafaa kwa leo.

AfisaMifugo_Kusini (saa 3:20 usiku)

Dada nafanya kazi ya mifugo, ng'ombe na mbuzi zaidi lakini sungura nao wananipitia, ngoja nikuandikie kwa kirefu uniwie radhi.

Alivyosema mzee hapo juu ni kweli na sababu yake ni hii, sungura ana kifuko kikubwa cha utumbo ambamo majani yanachachushwa na bakteria wazuri, bila hao hali chakula kikamfaa. Amoxilin, Ampiclox, penisilini, zote hizo zikipita mdomoni zinawaua wale wazuri, wanabaki wabaya wanatoa sumu, ndo ile kuharisha. Usishangae kesho daktari akimdunga penisilini chini ya ngozi, hajakosea, ya sindano haipiti njia ile. Zipo na za mdomo anazozistahimili lakini kipimo akupe aliyemuona na kumpima uzito. Diklofenaki na panado za nyumbani pia usibahatishe.

Sasa la usiku huu. Kidonda unachokiona wewe si lazima kiwe ndo kidonda chenyewe. Madume wakipigana wanalenga chini, tumboni na pumbuni, sikio linaumia kwa bahati mbaya tu. Mchukue kanga, mfunge kama mtoto mchanga miguu ikiwa ndani, usimnyanyue kwa masikio, na miguu ya nyuma ishikilie vizuri maana akirusha teke hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Halafu washa tochi ya simu, puliza manyoya kwa mdomo yafunguke, anza kidevuni, kwapani, tumbo lote, mapajani, chini ya mkia. Ukikuta manyoya yamegandana hapo ndo pana jambo. Ukikata manyoya kwa mkasi yapitishie kitana kwanza, mkasi ukae juu ya kitana, la sivyo utakata ngozi hutojua umeikata.

Maji ya kuoshea: chemsha nusu lita, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kisichofura juu, yaache yapoe kabisa. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mwagia taratibu mpaka uchafu utoke, usisugue. Ukiwa na iodini ile ya kahawia izimue mpaka iwe rangi ya chai ya rangi nyepesi, ndo upake. Bandeji usifunge, ataitafuna.

Kisha muingize ndani. Nzi. Kwa joto letu hili nzi akitaga kwenye kidonda leo kesho funza wapo, na funza wakishaingia ndani ni habari nyingine kabisa. Mtie kwenye boksi chini ya chandarua, chini tandika kanga au taulo safi, si majani makavu.

Na kula. Hili ndo linanitisha kuliko sikio. Sungura hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kusimama, maumivu tu yanatosha kulisimamisha. Hesabu mavi yake asubuhi. Ukikuta hakuna kitu, au vidogo vidogo kama mbegu za papai, usisubiri Jumatatu.

BintiFuoni (saa 4:15 usiku)

Nyie. Nyie. Allah awajaze kheri.

Mweusi nimemtia kwenye kikapu cha nguo. Mweupe nimemfunga kanga kama ulivyosema, binti yangu mkubwa kashika tochi, nimepuliza weee tumboni hamna kitu, nkasema alhamdulillahi, kufika paja la ndani manyoya yamegandana kama yametiwa gundi. Nimeloweza yakafunguka, kuna tundu. Dogo kama kichwa cha kiberiti lakini linaingia ndani, na pembeni yake mkwaruzo mrefu kama kidole changu. Mkono unatetemeka naandika hapa. Nimeosha kwa maji ya chumvi bomba tano.

Na kumbe huyo "jike" ana pumbu zake mbili, zimekaa pale zinanitizama. Moja imekwaruzwa.

MzeeMatundu_Wete (saa 4:22 usiku)

😂😂 pole mwanangu, hujaanza wewe. Wakiwa wadogo hata mie nakosea. Wakifika miezi mitatu minne ndo zinashuka, na ndo ugomvi unapoanza, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Ile kulambana masikio ilikuwa zamani wakiwa watoto.

Siku nyengine wakikamatana usitie mkono, warushie taulo au sukuma sinia katikati yao.

Ba_Mkwe (saa 4:40 usiku)

Hilo tundu lijaze unga wa kahawa au majivu, damu na usaha vyote vinakauka. Sisi tulivyokua ndo dawa yetu, na kitunguu thomu kilichopondwa juu yake.

AfisaMifugo_Kusini (saa 4:51 usiku)

Mzee wangu kwa heshima zote, hapana. Kahawa na majivu vinaziba juu, chini kunaoza. Kitunguu thomu kinaunguza halafu akijilamba kinakwenda tumboni.

Dada hilo tundu dogo ndo la kuogopa kuliko mkwaruzo mrefu. Jino limeingia na uchafu wake, ngozi itajifunga haraka juu, baada ya siku kadhaa au hata wiki mbili utagusa uvimbe. Usaha wa sungura hautiririki kama wa mbuzi, ni mzito kama dawa ya meno, huukamui ukaisha. Kwahiyo kesho lazima aonwe, hata kama kaamka mchangamfu. Mbebe asubuhi na mapema jua halijawa kali, joto nalo linamuua.

shoga_wa_Kiembesamaki (Jumamosi, saa 1:10 asubuhi)

Kaamkaje mgonjwa wetu?

BintiFuoni (saa 1:35 asubuhi)

Yupo hai alhamdulillahi ila hajala. Mavi nimehesabu, manne tu usiku kucha na madogo. Nimempa ukoka kaukata ujani mmoja akautema.

Na usiku nilifanya ujinga, nkakumbuka nilisikia asali nzuri kwa vidonda nkampaka sikioni, alfajiri naamka kusali chungu wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye boksi. Nimemfuta wote na maji ya chumvi.

AfisaMifugo_Kusini (saa 1:48 asubuhi)

Asali yenyewe si mbaya, chungu ndo hawana adabu. Boksi liweke juu ya meza, miguu ya meza itie kwenye vikopo vya maji hawatopanda.

Mavi manne ni machache mno. Kabla hujatoka twanga mchicha na ukoka na kama una pumba za pellet (chakula cha sungura cha vidonge cha dukani) ziloweke, saga iwe uji uchuje, mpe kwa bomba. Ncha ipitishe pembeni ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele kuna pengo, mpe kidogo kidogo ameze mwenyewe, akiwa amekaa, usimlaze chali uji utaingia pafuni. Mililita 20 zinamtosha kwa mara moja, kisha rudia baada ya masaa manne. Ila tumbo likiwa limejaa gumu kama ngoma usimlazimishe, mkimbize tu. Mwambie daktari ampime joto, la kawaida ni 38.5 mpaka 40, likiwa chini ya 38 hiyo ni dharura.

Na umwambie hali tangu saa ngapi, usimwambie "kaumia" tu, ataangalia sikio akakurudisha.

BintiFuoni (saa 8:20 mchana)

Tumerudi. Ulijuaje jamani. Wa kwanza tuliyemfikia kaangalia sikio, kasema litapona, kaniandikia amoxilin ya maji! Nkamwambia shekhe, mie nimeambiwa sungura hapewi ya kunywa, akanitizama kama nimemtukana. Sikuchukua. Tukapanda daladala tena mpaka kwa mwengine, huyu kijana tu lakini kamgeuza, kampima joto 38.2, kaosha lile tundu ndani kabisa na hakulishona, kasema likishonwa uchafu utafungiwa ndani. Kadungwa ya maumivu na ya kidonda, na nimepewa ya maumivu ya kunywa siku nne.

Saa moja baada ya sindano, nipo jikoni nachambua mchele, nasikia kitu kinakatika kakakaka. Nkachungulia. Kashika jani la tembele analivuta ndani ya mdomo kama mtoto anavyovuta tambi. Nimelia mie.

Kijana_wa_Bububu (saa 8:31 mchana)

Hata mie nimefurahi, wallahi. Pilau nimeiahirisha.

MzeeMatundu_Wete (saa 9:05 mchana)

Mashaallah. Sasa usiwarudishe pamoja. Hata ukiwahasi, na nakushauri uwahasi wakishapona, madume walioonjana damu hawapatani kirahisi. Na matundu yasigusane, waya kwa waya watang'atana pua. Acha nafasi ya mkono mmoja katikati. Na ukija kumuwekea mmoja wao jike, baada ya kuhasiwa subiri wiki sita, mbegu zinabaki. Mie nilisubiri wiki mbili nkapata watoto saba.

BintiFuoni (Jumanne ya wiki ya pili, saa 12:50 jioni)

Narudi kama nilivyoahidi. Sikio limepona lina kipembe kimekosekana, mwanangu anasema sasa hawezi kupotea tutamjua tu. Mkwaruzo wa pumbuni umekauka. Ila siku ya tisa nampapasa pajani nikakuta kitu kama punje ya kunde chini ya ngozi, kigumu. Ningekuwa sikuambiwa humu ningesema ni mfupa. Tumerudi kwa yule kijana, kakifungua, umetoka usaha mweupe mzito hivyo hivyo mlivyosema, kakwangua mpaka kile kingozi cha ndani kilichoshika usaha. Naosha asubuhi na jioni, leo anakula na mavi ni makubwa ya kutosha, sikujua kama ipo siku nitafurahia mavi.

Mweusi naye nilimkagua, alikuwa na majeraha mawili kidevuni na mie nilikuwa nimemuona ndo mkorofi tu, masikini. Yamepona.

Baba yao karudi kanikuta nina sungura chini ya chandarua cha kitanda chetu. Hajasema kitu, kaenda kupima mbao za tundu la pili. Kuna mtu maeneo ya Fuoni au Mwanakwerekwe ana waya wa tundu uliobaki? Mita mbili zanitosha, wenye macho madogo.