Zotero, Mendeley au ninunue EndNote? Tasnifu imenikaba

Mtoto wa Tandika
Habari zenu wakuu. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, rejea za ndani zimenishinda. Msimamizi kasema niache kuzipanga kwa mkono, nitumie programu ya kupanga rejea. Kuna kijana Kariakoo ana EndNote ya elfu 30, wengine wananiambia Zotero, wengine Mendeley. Nichukue ipi? Kijana nimemwambia nampitia kesho.

Bi Steshenari
Mkuu umetuacha gizani. Chuo kinataka mtindo gani wa rejea? Word yako ya mwaka gani? Laptopu yako au ya kuazima?

Chuma cha Reli
EndNote ya elfu 30 ni ya kuchakachua, usijidanganye. Ukidakwa na kirusi wiki ya kukabidhi utalia. Zotero ni bure tangu itoke 2006, na mitindo ya kushusha imepita elfu 10. Mjadala umefungwa.

Daktari Mtarajiwa
Haujafungwa. Mendeley inakupa GB 2 za bure, Zotero MB 300. Nasoma PDF zangu Muhimbili mchana, nikirudi Mbagala naendelea nilipoishia.

Chuma cha Reli
Hizo MB 300 ni za mafaili tu, orodha ya rejea haihesabiwi. PDF ziache kwenye mashine, uokoe na bando.

Bi Steshenari
Acheni habari za nafasi, niwaambie kinachoua. Nilimtumia msimamizi sura ya pili, akaifungua kwenye simu kwa programu nyingine, akasahihisha, akairudisha. Kwa macho iko vilevile, mabano na miaka yake. Nabonyeza Refresh, kile kitufe cha kusasisha rejea ndani ya Word, kimya. Rejea zote zimegeuka maandishi makavu, nabadili mtindo hakuna kinachosogea. Nikakesha kuzirudishia moja moja, umeme nao unakatika unarudi. Siku hizi nampa PDF aandike maoni pembeni. Faili lenyewe halitoki kwangu, na hapo hata ungetumia programu ipi ni yaleyale.

Ticha wa Sinza
Pole dada. Kingine: ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ukiiingiza Zotero, kwa mwandishi kuna visanduku viwili, jina la ukoo na jina la kwanza. Ukikosea kugawa utaona (Takwimu, 2022), kama vile kuna Bwana Takwimu kaandika sensa peke yake. Bonyeza kialama cha pembeni kiwe kisanduku kimoja. Na jina likishatajwa kwenye sentensi, bofya rejea uweke tiki ya kuficha mwandishi, ubaki mwaka. Ukifuta kwa mkono, programu itakuuliza kama ibakize hivyo. Ukikubali, rejea hiyo haijisasishi tena.

Mtoto wa Tandika
Samahanini wakuu. Ni APA toleo la 7, Word 2013, laptopu ya kaka. Nakabidhi mwisho wa mwezi.

Chuma cha Reli
Word 2013! Basi Mendeley imejitoa yenyewe. Mendeley Cite, kile kiongezo chake cha kuweka rejea ndani ya Word, inataka Word 2016 kwenda mbele.

Daktari Mtarajiwa
Si aweke Word mpya tu?

Bi Steshenari
Kwa hela ipi? Nyie mnaosomeshwa mna maneno. Na hiyo laptopu kaka akiidai katikati ya sura ya nne?

Ticha wa Sinza
Afungue akaunti ya Zotero, asawazishe, akihamia mashine nyingine anazikuta rejea zake.

Daktari Mtarajiwa
Haya. Hivi nani anajua wanaobana kava gumu kwa bei ya kibinadamu, maeneo ya Ubungo?

Bi Steshenari
Kurasa ngapi, nakala ngapi? Na nyinyi mnauliza nusunusu.