Kachoma peni kwenye hotpoti yangu ya ndizi! Godauni lile mnalolijua, leo wamenimaliza

Kipolo Cha Jana (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa kwenye jiwe kituo cha bajaji, mikono inatetemeka. Si baridi, ingawa baridi nayo ipo, Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua, midomo inapasuka kama udongo wa Usangu kiangazi. Nitakosea maneno, mnivumilie.

Silitaji. Kwani kuna mtu kuanzia Uyole mpaka Mbalizi asiyelijua lile godauni? Ndio hao hao wanaowaletea masufuria mliyobonyeza kwenye simu saa 8 usiku badala ya kulala. Bati refu mpaka fundi aliyelipaua alianza kijana akashuka na mvi.

Leo nimetoka shifti saa 12 jioni. Nimeingia saa 12 asubuhi. Begani nina begi, ndani ya begi kuna hotpoti, ndani ya hotpoti kuna ndizi alizopika mama watoto saa 10 alfajiri kwa mkaa wa kukopa. Hotpoti IMEJAA. Mbona imejaa? Kwa sababu sijala! Mbona sijala? Kwa sababu mchana skana ilionyesha nina oda 61 kwa saa na wao wanataka 80, yule supavaiza akaniambia, "Wewe mapumziko utayakuta mbele." Mbele wapi, Tunduma?

Basi nafika getini. Foleni ya watu kama 40, mlinzi mmoja. Juzi zimepotea hedifoni, kwa hiyo sasa hivi sote ni wezi mpaka itakapothibitika vinginevyo. Dakika 35 nimesimama nasubiri kupapaswa, na dakika hizo hakuna anayezilipa kwa sababu eti umeshagonga kadi ya kutoka. Zamu yangu inafika, anafungua begi, anafungua hotpoti, anaona imejaa. Ananitazama. "Mbona hujala?"

Wakuu. MBONA SIJALA.

Kabla sijajibu, akachomoa peni sikioni. Ile ile peni anayosainia watu tangu asubuhi, peni ambayo nimeiona kwa macho yangu ikiingia kwenye sikio na kutoka na mali. Akaichoma kwenye ndizi zangu. Akakoroga! Anatafuta hedifoni ndani ya mchuzi! Akazamisha mpaka kifuniko cha peni kikapotea, akakitafuta kwa kidole.

Halafu yule supavaiza mwenye rifleta ya kijani, mnamjua, yule anayetembea kama amemeza ufagio, alikuwa kasimama pembeni anakunywa chai ya rangi. Akasema kwa sauti foleni nzima isikie: "Kagua vizuri, hawa wa Tukuyu wanaweza kukuficha friji kwenye ndizi." Foleni ikacheka. Watu niliobeba nao maboksi tangu mwezi wa pili wakacheka! Yule mlinzi hakupata kitu, akaitoa peni, na mnajua aliifutia wapi? Kwenye rifleta YANGU. Nimeivaa! Kaifuta kifuani kwangu kama mimi ndiye kitambaa cha meza.

Nimeshayazoea mengine. Skana inayolia ukisimama kujikuna, nimezoea. Choo kiko mbali mpaka ukienda unapaswa kuaga familia, nimezoea. Nimebeba jiko la gesi toka shelfu ya kwanza hadi ya mwisho, nikaambiwa rudisha, mteja kaghairi, nikasema sawa. Bati lile Juni linageuka jokofu, tunapaki na soksi mikononi, solotepu inakatika kwa baridi, sawa. Nikifia mle ndani najua skana itaandika "hajasogea dakika tatu" na wataikata kwenye rambirambi. Sawa!

Lakini peni. Peni ya sikioni. Kwenye ndizi ambazo sikuzila kwa sababu yao wao wenyewe!

Nimefika hapa kituoni, nimefungua hotpoti, nimeona kamstari ka wino wa bluu kwenye mchuzi. Nimeifunga.

---

Bajaji ya Kabwe: Picha ya ndizi tafadhali. Uzi bila picha ni tetesi.

Dada wa Soweto: Pole kaka yangu. Dunia haina utu. Zilikuwa za nyama au maharage?

Jogoo wa Ilomba: Umejaza maneno yote haya kwa sababu ya peni? Mimi nilidhani umechomwa wewe. Na kesho saa 11 alfajiri tutakuona Mafiati unagombania daladala kuwahi getini. Tunajuana.

Kipolo Cha Jana: Jogoo, wewe unafuga kuku wawili nyumbani kwa shemeji yako, kaa kimya wenye kazi tunaongea. @Dada wa Soweto za nyama. Nyama ndogo, lakini nyama.

Nusu Wakili: Mleta uzi, punguza hasira usome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wiki ya kazi isizidi saa 45 na siku isizidi saa 9. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, una haki ya mapumziko ya saa 1. Haisemi "utayakuta mbele". Zinazozidi hapo ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na nazo zina kikomo, 50 ndani ya wiki 4. Kukatwa mshahara hovyo nako kuna utaratibu wake. Nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine siku 60. Andika tarehe, andika saa.

Jogoo wa Ilomba: Aandike kwa peni ipi mkuu?

Bajaji ya Kabwe: 😂😂😂 nimepaliwa na chai

Mama Wawili: @Nusu Wakili, hayo ya sheria tunayajua, mume wangu naye ni deiwaka pale pale. Mkataba wake ni kuitwa jina asubuhi. Siku usipoitwa ndio umeachishwa, hizo siku 30 ataanza kuzihesabu lini?

Nusu Wakili: Swali zuri. Nitarudi.

(Hajarudi mpaka sasa, wakuu. Mwenye namba yake amstue. – Bajaji)

Kaka wa Songwe: Mnadhani ni Mbeya tu? Ndugu zangu hiyo foleni ya getini ina historia. Marekani wafanyakazi wa maghala ya Amazon kule Nevada walishtaki wakitaka walipwe muda wa kusubiri kukaguliwa wakitoka kazini, walidai ni kama dakika 25 kila siku. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Desemba 2014 majaji wote 9 wakasema hailipwi, kukaguliwa si kazi uliyoajiriwa kuifanya. Majaji tisa, hata mmoja hakuwahurumia! Baadaye, 2021, mahakama ya juu ya jimbo la Pennsylvania ndiyo ikasema kwa sheria ya jimbo lao muda huo ni wa kazi.

Na kuhusu skana, Ufaransa mamlaka ya kulinda taarifa binafsi iliipiga kampuni hiyo hiyo faini ya euro milioni 32 mwishoni mwa 2023. Skana zao zilikuwa zinahesabu ukikaa dakika 10 bila kuskani. Chekeni sasa: zilikuwa pia zinakuandika ukiskani bidhaa haraka mno, chini ya sekunde 1.25 baada ya ile iliyotangulia. Ukichelewa kosa, ukiwahi kosa.

Kipolo Cha Jana: Asante Kaka wa Songwe, angalau mmoja anaelewa. Lakini hao wa Nevada kuna aliyechomewa peni kwenye chakula?

Kaka wa Songwe: Sijasoma mahali.

Kipolo Cha Jana: Basi.

Kaka wa Songwe: Ila 2021 Amazon ilikana mtandaoni kwamba wafanyakazi wake wanakojoa kwenye chupa, siku chache baadaye ikaomba radhi na kukiri madereva wake yanawakuta.

Dada wa Soweto: Jamani watu tunakula.

Mnyalu wa Mafinga: Kamwene. Poleni watu wa Mbeya, lakini nyie mnakaguliwa chakula, maana yake chakula mnacho. Njooni huku kwenye mbao. Msumeno unaimba toka asubuhi, vumbi unalimeza mpaka ukikohoa unatoa ubao wa mbili kwa nne. Bosi wetu (mnamjua, mwenye ile gari yenye bendera mbili) alitugawia glovu jozi moja watu watatu. Mimi nilipata dole gumba.

Parachichi Gumu: Mnyalu, we unalalamikia glovu? Huku Njombe msimu wa parachichi tunapanga matunda kwenye maboksi wima kutwa, ukidondosha moja unatazamwa kama umedondosha mtoto. Parachichi lenye kovu linarudishwa. Mimi ninayo makovu manane na nimebakizwa kazini.

Mnyalu wa Mafinga: Parachichi ni laini ndugu. Gogo la mpaina lilishakuangukia?

Parachichi Gumu: Lako limewahi kuiva ukiwa umelibeba?

Kipolo Cha Jana: Wakuu samahani, huu uzi ni wa godauni. Naomba turudi getini. Kwenye peni.

Mguu Mmoja: Ahaa! Kumbe wewe unafanya PALE? Nimekutafuta muda mrefu baba. Mwezi wa tano niliagiza viatu kwenu, vyeusi, saizi 42, vya harusi ya mdogo wangu Igawilo. Nikafungua boksi, kiatu kimoja. Cha kushoto. Nikapiga simu, dada akaniambia mfumo unaonyesha oda imekamilika. Nimekamilika vipi mimi na mguu mmoja? Nilienda harusini na kandambili, kwenye picha wamenikata magotini.

Dada wa Soweto: Hao hao! Mimi niliagiza blenda nikaletewa kifuniko cha blenda. Kimefungwa vizuri, solotepu mita kumi.

Mama Wawili: Mimi pazia. Lilikuja la rangi niliyotaka ila lina urefu wa leso.

Bajaji ya Kabwe: Mimi ndiye nawasambazia hiyo mizigo na matusi yote nayapokea mimi. Juzi Isanga mama mmoja kanipiga na boksi lenyewe.

Kipolo Cha Jana: Mnatulaumu sisi wapakiaji? Ukiwa na oda 80 kwa saa, boksi limechanika, kiatu kimoja kipo, kingine kimeruka shelfu, na skana inalia, UNAPAKI. Kingine kitajijua. Halafu ukitoka hapo mtu anakuchomea peni kwenye ndizi! Na hakuna hata mmoja hapa aliyelaani ile peni!

Jogoo wa Ilomba: Kumbe mwizi wa kiatu amepatikana. Mlinzi alikuwa sahihi, angekoroga zaidi.

Mzee wa Isyonje: Wanangu, mimi ni mtu mzima, sijui mambo ya skana. Ila nimesoma toka juu na kuna jambo limenisumbua. Huyu kijana anasema ndizi zina MCHUZI mpaka peni inazama. Mbalaga gani hiyo? Mbalaga inasimama, mwiko unasimama. Peni ikichomwa kwenye mbalaga ya kweli inavunjika.

Parachichi Gumu: Mzee umeua 😂

Dada wa Soweto: Shikamoo mzee. Kwetu Kyela tunaweka mchuzi, ndizi ikae laini.

Mzee wa Isyonje: Marahaba binti. Kyela mna joto, mnapenda kunywa chakula. Huku juu kwenye ukungu tunakula.

Mnyalu wa Mafinga: Na mimi niulize, hizo ndizi mnamenyea kwenye maji ya chumvi au mnapaka mafuta mikononi? Utomvu unanishinda.

Mama Wawili: Mafuta. Ukitumia maji zinakuwa nyeusi.

Dada wa Soweto: Nani kakudanganya? Maji, na zikae humo humo ndani ya maji.

Mzee wa Isyonje: Naam, hapo binti umenena. Ndaga fijo, asante sana.

Kipolo Cha Jana: Mzee, shikamoo. Mke wangu ni wa Makete, ndizi kajifunzia kwangu, tumuache. Hoja ni PENI.

Bajaji ya Kabwe: Wa Makete! Basi mchuzi umeeleweka.

Jogoo wa Ilomba: Uzi ufungwe, mtuhumiwa ni shemeji.

Parachichi Gumu: Kwani Makete wanapika nini? Nauliza kwa nia njema, nina mchumba huko.

Mnyalu wa Mafinga: Viazi ndugu. Utakula viazi mpaka uote macho.

Mguu Mmoja: Jamani acheni mapishi kidogo. Kipolo, mdogo wangu, mimi sina ugomvi na wewe. Nisaidie tu. Kile cha kulia, ulishawahi kukiona?

Kipolo Cha Jana: Cheusi, kina kamba, ndani kimeandikwa 42?

Mguu Mmoja: Hicho hicho!

Kipolo Cha Jana: Kipo shelfu ya 114, chini kabisa, kimejaa vumbi. Napishana nacho kila siku. Ila siwezi kutoka nacho, nitakaguliwa mpaka utosi. Leta cha kushoto na risiti, uje kesho saa 12 asubuhi, niulizie getini kabla sijaingia.

Mguu Mmoja: Nakuja baba. Nikuletee chochote? Chapati?

Kipolo Cha Jana: Usije na chakula.