Je, FIS ilikosea kumzuia Lindsey Vonn kushindana na wanaume?

Mleta mada:
Mwaka 2012 Lindsey Vonn wa Marekani, bingwa wa jumla wa Kombe la Dunia la ski (kuteleza kwenye theluji) mara nne na mshindi wa dhahabu ya mteremko wa kasi (downhill) katika Olimpiki ya Vancouver 2010, aliomba kushindana na wanaume huko Lake Louise, Kanada. Shirikisho la Kimataifa la Ski (FIS) lilimkatalia kwa maelezo kwamba jinsia moja haina haki ya kuingia katika mashindano ya nyingine. Kwangu maelezo hayo ni dhaifu. Mashindano ya wanawake yaliwekewa uzio ili wanaume, wenye faida ya uzito na misuli, wasiingie. Mwanamke anayeuvuka kwa hiari yake hamnyang'anyi mwanamke mwenzake nafasi wala medali. Vonn hakuomba apunguziwe kitu, na ski alizotumia tayari zilikuwa za wanaume.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, umelikwepa jambo zito kuliko yote, nalo ni mazoezi. Wanaume walitangulia kushindana Lake Louise, kisha wanawake wakafuata siku chache baadaye mlima uleule, na katika mchezo ambao mshindi huamuliwa kwa sehemu za mia za sekunde, kuteremka hapo mapema kwa kasi ya mashindano ni faida ambayo wapinzani wake wasingeipata. Isitoshe, njia hazilingani: kanuni za Kombe la Dunia hutaka mteremko wa wanaume ushuke kimo cha mita 800 hadi 1,100, wa wanawake 450 hadi 800. Msimu huohuo Vonn alishinda mashindano yote matatu ya wanawake pale pale. Lau angekuwa amemaliza wa mwisho kwa wanaume, nani angeuzungumzia ushindi huo?

Mchangiaji wa pili:
Naongezea kwamba ukubwa wa mwanamke katika mchezo huu hauhitaji ushahidi wa wanaume. Machi 2023, huko Åre, Uswidi, mwanaski wa Marekani Mikaela Shiffrin alipata ushindi wake wa 87 wa Kombe la Dunia na kuipita rekodi ya Ingemar Stenmark, mwanamume wa Uswidi, bila hata siku moja kusimama naye kileleni. Hapo kila mmoja alipimwa kwa namna alivyowatawala wapinzani wake, na sijaona kipimo cha haki kuliko hicho.

Mleta mada:
Hoja ya mazoezi naikubali, ila inahusu Lake Louise tu. Katika miaka ya Vonn, Wengen (Uswisi) na Kitzbühel (Austria) zilikuwa na mteremko wa kasi wa wanaume pekee, kwa hiyo angeweza kuruhusiwa kushuka baada ya mwanamume wa mwisho, muda wake ukapimwa bila kuingizwa kwenye pointi, na hakuna mwanamke ambaye angedhurika. Kuhusu aibu ya kushika mkia, huo ni uamuzi wa mwanamichezo mwenyewe. Mtu aliyepasuka mishipa ya goti Schladming, Austria, mwaka 2013 na bado akarudi mlimani hahitaji shirikisho limlindie heshima yake. Streif, njia ya mashindano ya Kitzbühel, Vonn alikuja kuiteremka Januari 2023, usiku, chini ya taa, akiwa amekwisha kustaafu na bila mpinzani wa kumlinganisha naye. FIS ilikuwa na uwezo wa kutupatia ulinganisho huo miaka kumi kabla.