Naomba ushauri: ukungu mweupe juu ya udongo wa maua ya ndani

Wakuu habari za jioni. Niko Tukuyu, na mnaijua hali ya hewa yetu. Huku nguo tu kukauka ni shughuli, sembuse udongo wa chungu kilichokaa sebuleni. Sasa maua yangu yameota utando mweupe kama pamba juu ya udongo, hasa yale niliyochanganyia samadi na maranda. Aloevera, niliyoipanda kwenye mchanga mwingi, haina kitu.

Ninavyoelewa, ukungu huu unakula mabaki yanayooza, mizizi mizima hauigusi. Unyevu na hewa isiyozunguka ndivyo vinavyoulea. Nimekwangua tabaka la juu, na simwagilii mpaka nichomeke kidole nikute pakavu. Bado unarudi. Dirisha siwezi kuacha wazi, baridi hii na mtoto kifua kinamsumbua.

Jirani mmoja anasema ninyunyize mdalasini wa unga, mwingine majivu ya jikoni. Majivu nayaogopa, yanapunguza tindikali ya udongo na si kila ua linapenda hivyo. Kuna aliyejaribu mdalasini ukasaidia kweli? Au nihamishie yote kwenye udongo mpya wenye mchanga? Na vile vijidudu vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu, dawa yake nini?